Mama ni namba nne kwenye daftari langu

Shikamoo mshauri,

Nina miaka 44, nimeolewa, nina watoto wawili, na kwetu mimi ni kifungua mimba. Nakuandikia usiku watu wote wamelala, na mbele yangu lipo faili la kijani ambalo ndilo limezua yote haya.

Baba alifariki miaka tisa iliyopita, ghafla, akitoka kazini. Baada ya mazishi tulifungua droo ya meza yake. Tulikuta funguo kumi na moja kwenye kamba moja, hakuna hata mmoja ulioandikwa ni wa wapi. Tukakuta vitabu viwili vya benki, vya akaunti ambazo mama hakuwahi kuzisikia. Fomu yake ya mafao ilikuwa na jina la baba mdogo, aliyetangulia miaka sita kabla yake. Simu iliita na kuita mpaka chaji ikaisha, na hakuna aliyejua namba ya siri. Mirathi ilichukua miaka minne. Ndugu waliolala kitanda kimoja utotoni walifika mahali wakawa wanasemeshana kupitia mwanasheria. Ufunguo mmoja ninao hadi leo, sijui unafungua nini.

Nikajiapiza kwamba watoto wangu hawatafungua droo ya namna ile. Ndipo likazaliwa faili la kijani. Humo mna hati zote, bima, orodha ya madeni, nakala za vitambulisho na wosia wangu. Ndani ya jalada nimebandika ukurasa wa daftari wenye mambo matano makubwa ya maisha yangu, kwa mpangilio: masomo ya watoto, kumaliza nyumba, akiba ya uzeeni, mama, afya yangu. Kila moja lina mwaka wake. Mama nimempangia miaka mitatu kutoka sasa, mtoto wa mwisho akishamaliza shule na nyumba ikishapata chumba cha chini kisicho na ngazi. Atahamia kwetu, nami nitapunguza kazi, tukae tuzungumze yale yote ambayo hatujawahi kuyazungumza.

Miezi minne iliyopita mama alianza kusahau. Aliniita kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Aliacha pasi inawaka mpaka ikaunguza meza. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi karibu naye, alimpeleka hospitali, daktari akasema ni dalili za mwanzo za ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Nilipokwenda kumwona mwezi uliopita, nikiwa namtafutia miwani kwenye pochi yake, nilikuta kikaratasi kimekunjwa mara nne. Mwandiko ni wake, ule ule wa kukandamiza kalamu aliokuwa akitilia sahihi ripoti zetu za shule: "Binti anapiga Jumapili saa mbili usiku. Usimuulize tena habari za kazi, ulishamuuliza." Nikakikunja nikakirudisha. Sikumwambia nimekiona.

Sasa nataka kuchukua likizo ya miezi sita bila malipo nikakae naye. Mwajiri amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao niamue. Pesa za kuishi zitatoka kwenye akiba ya masomo na ya uzeeni. Ratiba nimeshaiandaa: wiki za mwanzo historia ya ukoo, kisha mambo ya mali, kisha picha za zamani tuziandike majina.

Mume wangu hataki. Anasema kwa miaka tisa nimewaimbia kwamba akiba ile haiguswi hata mtu akiumwa jino, leo naivunja mwenyewe. Anasema niliolewa na faili, si na yeye. Yeye hajatia sahihi hata karatasi moja. Wosia wake nilimwandalia mwaka juzi, upo palepale. Nikiugusia tu, anasema namchuria. (Kaka yake alifariki ajalini wiki chache baada ya kukata bima ya maisha, tangu hapo hataki kusikia habari hizo.) Na mdogo wangu naye ananiambia, "Wewe panga tu dada, sisi tunaishi naye."

Mshauri, niuvunje mpango nilioujenga miaka tisa, au niushikilie? Na nifanyeje na mume asiyetaka kujiandaa kwa lolote?

Mwenye faili la kijani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye kile kikaratasi. Nitakirudia.

Kama nimekuelewa vizuri, unaona vitu viwili vinavutana: mpango unaowalinda watoto wako, na mama asiyeweza tena kungoja zamu yake. Unataka nikwambie ushike upi. Kabla hatujafika huko, turudi kidogo kwenye jambo ulilolipita kwa sentensi moja. Daktari alisema "dalili za mwanzo". Za ugonjwa upi? Alipima nini?

Simshuku daktari. Ila usahaulifu wa mtu mzima una vyanzo vingi. Tezi ya shingo ikizembea, vitamini B12 ikipungua, sonona, maambukizi ya njia ya mkojo, baadhi ya dawa za usingizi na za mzio, hata kutosikia vizuri tu, vyote huweza kumfanya mtu aonekane kumbukumbu zinamtoka, na baadhi yake vinatibika. Sitaki kukupa tumaini la bandia. Unaoongoza katika magonjwa haya ni Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyemweleza mgonjwa wake mwaka 1906, na mpaka leo hauna dawa ya kuuponya. Lakini huo kwa kawaida hushuka taratibu, kwa miaka. Kuna mwingine unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo, ambao huweza kukaa mahali pamoja kisha ukaporomoka ghafla baada ya kiharusi, hata kile kidogo kisichoonekana. Kwa mtu anayepanga miezi sita, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Maana nakuuliza: miezi ipi sita? Hii ya mwanzo, wakati mama bado anajiandikia vikaratasi na anaweza kukusimulia mambo ya ujana wake? Au ile itakayokuja, ya kumwogesha na kukesha naye? Ukiitumia likizo yote sasa, ya baadaye utaitoa wapi? Na ukiiweka kwa ajili ya baadaye, utakayekaa naye atakuwa bado anakujua kwa jina? Jibu sina. Nataka tu usiingie kwenye uamuzi huu ukidhani miezi yote ina uzito mmoja.

Sasa tulifungue faili. Nalisifu, nakwambia kweli. Watu wengi tunaishi kama ambao hatutakufa. Lakini kuna swali moja silioni kwenye barua yako: nani mwingine amewahi kulisoma? Mwimbaji Aretha Franklin alifariki mwaka 2018, ikadhaniwa hakuacha wosia. Miezi kadhaa baadaye zikapatikana karatasi alizoandika kwa mkono, nyingine ndani ya kabati lililofungwa, nyingine kwenye daftari chini ya mto wa kochi. Wanawe walivutana mpaka mwaka 2023, baraza la wazee wa mahakama lilipoamua kwamba ile ya kwenye kochi, ya mwaka 2014, ndiyo halali. Mama yule alikuwa ameandika. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kaandika nini, wapi, na karatasi ipi ndiyo ya mwisho. Faili ambalo mume wako halifungui na watoto hawajui lilipo, mwanangu, linaweza kuwa droo ya baba yenye rangi nzuri zaidi.

Na hapo ndipo namwona mumeo kwa jicho jingine. Unasema hataki kujiandaa kwa lolote. Kisha ukaweka kwenye mabano, kama kitu kidogo, kwamba kaka yake alikata bima na wiki chache baadaye akafa. Hayo mabano mimi ningeyatoa nje. Kichwani mwake kalamu na kifo vimeshikana mikono. Wewe droo ilikufundisha kwamba asiyeandika huwaumiza walio nyuma yake. Yeye ajali ilimfundisha kwamba anayeandika hujiita. Yote mawili ni majeraha ya msiba. Umewahi kumuuliza habari za kaka yake, jioni moja, bila karatasi yoyote mezani? Mimi nisingeanza na wosia. Ningeanza na mambo yasiyonuka mauti: tukae tupitie majina tuliyoyaandikisha kwenye mafao, maana mahali pengi fomu ile ndiyo inayotazamwa hata kama wosia unasema vingine, na mzee wenu aliyabakiza kwa marehemu. Au habari za simu. Tangu mwaka 2013 Google imeweka utaratibu wa kuchagua nani apewe taarifa zako akaunti ikikaa kimya muda mrefu, na Apple nao wakaweka mtu wa kurithi akaunti mwishoni mwa mwaka 2021. Ni dakika kumi, mkiwa mmeketi pamoja. Atakataa? Huenda. Ila atakuwa amekataa jambo dogo, na mlango haujafungwa.

Kuhusu akiba, mumeo ana hoja, na nadhani unalijua hilo, ndiyo maana limekuuma. Lakini ninyi wawili mnazungumza kama vile kuna njia mbili tu, kuigusa au kutoigusa. Kusimamisha kuweka kwa miezi sita ni jambo moja, kutoa kilichokwishawekwa ni jingine. Watu wa fedha wana hesabu yao ya haraka: gawa 72 kwa asilimia ya faida ya mwaka, utapata takriban miaka ya fedha kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 8 ni miaka tisa. Kwa hiyo ukitoa kiasi fulani leo ukiwa na miaka 44, ukifika 62 pengo lake si kiasi kile, ni kama mara nne yake, iwapo faida itakaa hapo. Akiba ya masomo nayo ina tarehe ambayo shule haitaisogeza. Ulizeni pia, kabla ya barua ya likizo kuandikwa: bima ya afya ya familia itaendelea usipolipwa mshahara? Michango ya mafao? Nafasi yako itakungoja ile ile? Wapo waliorudi wakakuta kiti kimesogezwa. Na kama hamna akiba ya dharura ya kuendesha nyumba miezi mitatu hadi sita, iliyo mbali na hizo mbili, basi pengo lipo hapo, na lingeonekana hata kama mama angekuwa mzima.

Kati ya kukaa na kwenda kuna njia nyingine. Wiki mbili kila baada ya miezi miwili. Kupunguza siku za kazi kwa mwaka mzima. Kulipa mtu wa kumsaidia mdogo wako mchana, ili wewe ukienda uende kama mtoto wa mama, usiende kama muuguzi. Kila moja ina ubaya wake: safari za mara kwa mara zinachosha na kugharimu, siku pungufu ni mshahara pungufu, na mama huenda asimtake mgeni nyumbani kwake. Kumhamishia kwenu mapema nako nikupe tahadhari. Mtu mwenye ugonjwa huu huongozwa na mazoea, mkono unajua kitasa kiko wapi kabla ya kichwa kukumbuka. Nyumba mpya, hata nzuri isiyo na ngazi, inaweza kumpoteza zaidi. Isitoshe zamu ya mama umeifunga kwenye ujenzi. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika tangu mwaka 1979 jinsi tunavyopunja muda wa mipango yetu wenyewe, ingawa aliyewahi kujenga hahitaji wanasaikolojia wa kumwambia hivyo.

Jambo moja nitalisema bila kuzunguka, kwa sababu saa yake inakwenda: sahihi ya mama. Nyumba itangoja. Ukuta ukisimama mwaka mzima, mwakani utaukuta. Lakini wosia, au hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini na kuamua mambo kwa niaba yake, sheria za karibu kila mahali zinataka anayetia sahihi awe anaelewa anachokifanya siku hiyo. Kuambiwa ana ugonjwa hakumwondolei haki hiyo. Akiwa katika siku yake nzuri, anajua ana nini na anampa nani, anaweza. Watu wenye busara huomba pia maelezo ya daktari ya siku zile zile, na mashahidi wasiorithi chochote. Muulize mwanasheria kitu kimoja hasa: je, hati hiyo ya mamlaka itaendelea kufanya kazi mama akishapoteza uwezo wa kuamua? Kuna nchi ambako hati ya kawaida hufa papo hapo, wakati ndiyo kwanza inahitajika, mpaka iwe imeandikwa wazi kwamba itaendelea. Kama ninyi ni Waislamu, mnajua kwamba wosia hauvuki theluthi na kwamba warithi wana mafungu yao, hivyo mzungumzeni na mjuzi pia. Na mdogo wako awepo toka siku ya kwanza. Dada akitokea mbali na kalamu mkononi, baada ya mirathi ile ya miaka minne, utakuwa umemwashia moto mtu ambaye ndiye anayempeleka mama hospitali. "Sisi tunaishi naye" unaweza kuisikia kama kijembe. Mimi nasikia mtu aliyechoka.

Sasa ratiba yako. Wiki za ukoo, wiki za mali, wiki za picha. Nimetabasamu, usinikasirikie. Mama umemuuliza? Katika barua nzima sijaona mahali ambapo yeye amesema anataka nini. Huenda anataka ukae naye nusu mwaka. Huenda atajisikia vibaya kujua umeacha kazi kwa ajili yake na akiba ya wajukuu inaliwa. Huenda ana jambo moja tu analotaka kulimaliza, na halimo katika wiki zako zozote. Ugonjwa huu mara nyingi huanza kwa kuchukua ya jana na ya juzi na kuacha ya zamani, kwa hiyo habari za utoto wake unaweza kuzipata bado, hata kwa simu, ukirekodi. Lakini matakwa yake ya uzeeni, nani amuuguze, wapi azikwe, nini asifanyiwe, hayo yanahitaji kuulizwa akiwa bado anaweza kujibu na kubisha. Anayejua kubisha hajaondoka.

Nikirudie kile kikaratasi. "Usimuulize tena habari za kazi, ulishamuuliza." Mwanangu, huyo ni mtu anayejiandaa. Wewe una faili, yeye ana kipande kilichokunjwa mara nne, na alichoandaa humo ni namna ya kukuficha wewe usiumie. Ninyi wawili mnalindana kimya kimya, kila mmoja na karatasi yake. Kama utamwambia umekiona au la, sijui. Kuna mama atakayeaibika, na kuna mama atakayeshusha pumzi kwamba hahitaji tena kuigiza. Wako unamjua wewe.

Una wiki kadhaa kabla ya kumjibu mwajiri. Zinatosha kwenda kwa daktari pamoja na mdogo wako na kuuliza yale ya juu, na kukaa na mumeo bila faili. Ukishajua unachokijua wakati huo, huenda swali lako la kuvunja au kushikilia litakuwa limebadilika sura, na ukitaka niandikie tena tulitazame hilo jipya.

Kabla ya hapo iko Jumapili, saa mbili usiku. Akikuuliza habari za kazi, mweleze. Akiuliza tena, mweleze tena, kama ndiyo kwanza anauliza.